Kabla Hujameza Kidonge cha Ngozi

Wajukuu zangu wa Karagwe na Kyerwa, leo sina habari ya kahawa wala ya migomba. Nataka tuzungumze juu ya yale makopo ya vitamini mnayonunua kwa ajili ya ngozi. Yapo Kayanga, yapo Omurushaka na Nkwenda, na mengine huvuka mpaka wa Murongo ndani ya mabegi ya watu bila kupita mbele ya mfamasia hata mmoja. Anayewauzia huwaambia kwamba hii si dawa, ni lishe tu, haina madhara, na kadiri unavyoongeza ndivyo ngozi inavyotakata haraka. Maneno hayo si ya kweli. Vitamini ikizidi kiasi huumiza ini, mifupa, mishipa ya fahamu na figo, na ikimkuta mtoto tumboni inaweza kumharibu kabla mama yake hajajua kama ana mimba.

Sisemi haya kwa kudharau shida yenu. Kijana wa miaka kumi na saba mwenye uso uliojaa chunusi hana raha shuleni wala kanisani. Nimewaona mabinti wanaoongea nawe huku wamefunika shavu kwa kiganja. Mwenye mabaka meupe mikononi huona watu wakisita kupokea mkono wake, na mwenye mwasho halali usiku. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kipo kidonge kinachomaliza yote, atauza hata kahawa yake kwa butura, ikiwa bado haijavunwa, ili akipate. Ndiyo maana lawama yangu kubwa ni kwa wanaouza.

Kabla ya lolote, shikeni kopo mligeuze nyuma, pale maandishi yanapokuwa madogo. Tafuteni vitamini A. Mara nyingine imeandikwa retinoli, au retinili palmiteti. Ni hiyo hiyo. Mara nyingi mbele yake mtaona namba na herufi IU, kipimo cha kimataifa. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama 2,300 kwa siku, mwanamume kama 3,000, na mpaka ambao mtu mzima hapaswi kuuvuka siku kwa siku ni 10,000. Sasa vipo vidonge vya mafuta, vile laini vya rangi ya njano, ambavyo kimoja peke yake kina 25,000, na muuzaji anawaagiza mmeze viwili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa miezi sita.

Mtaniuliza: mbona watoto wetu hupewa 200,000 kwa mpigo mmoja na hawadhuriki? Ni swali la haki. Kila Juni na Desemba akina mama huwapeleka watoto kwenye matone ya vitamini A. Mhudumu hushika kapsuli, hukata ncha yake kwa mkasi, akamkamulia mtoto mdomoni. Ya bluu ina 100,000, ni ya mtoto wa miezi 6 hadi 11. Nyekundu ina 200,000, ni ya mtoto wa mwaka mmoja hadi anapokaribia miaka mitano. Kisha basi, hadi miezi sita ipite. Ile ni akiba ya nusu mwaka, inatolewa kwa watoto ambao chakula chao mara nyingi hakitoshelezi, na imezuia upofu na vifo vingi. Wewe unayemeza 50,000 kila siku kwa siku 180 umeingiza mwilini milioni 9. Hizo ni kapsuli nyekundu 45, kwa kipindi ambacho mtoto amepewa moja.

Na mwili hauwezi kuzitoa zote hizo. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, haziendi na mkojo. Vitamini A huwekwa kwenye ini, na ini ni ghala lenye mlango mpana wa kuingilia na mwembamba sana wa kutokea. Likijaa, sumu huanza kuzagaa. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, midomo inapasuka pembeni, ngozi inakauka na kubambuka, nywele zinakatika, mifupa na viungo vinauma. Ukimrudia muuzaji na dalili hizo atakuambia, “Usiogope, sumu inatoka mwilini, ongeza dozi.” Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anaonyesha dalili za kupewa sumu, anaambiwa hizo ni dalili za kupona.

Mambo haya hayajaanza leo. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi waliokwama kwenye barafu za kaskazini, pamoja na mwongoza njia wao Willem Barents, walikula ini la dubu mweupe. Ini la mnyama huyo limejaa vitamini A kupita kiasi. Waliugua vibaya, na watatu kati yao ngozi iliwabambuka kuanzia kichwani hadi miguuni. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki kuna ushahidi wa kale zaidi. Mwaka 1973, Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mwanamke wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imevimba kwa nje kwa namna isiyo ya kawaida, na mwaka 1982 Alan Walker na wenzake waliandika kwamba huenda alikufa kwa vitamini A, kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Wataalamu wengine wamekuja na maelezo tofauti, ila inajulikana kwamba ziada ya vitamini hiyo inaweza kuharibu mfupa.

Vijana wa kiume, hili linawahusu zaidi. Anayekunywa rubisi kila jioni, na zaidi anayekunywa gongo, ini lake tayari lina mzigo. Kuongeza vitamini A nyingi juu ya pombe ni kuliumiza mara mbili. Tena wapo wanaotumia doksisaiklini au tetrasaiklini kwa ajili ya chunusi, dawa ambazo madaktari kweli huziandika. Zikichanganywa na vitamini A nyingi, shinikizo ndani ya kichwa linaweza kupanda, kichwa kikauma bila kukoma na macho yakaanza kuona ukungu. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa ajili ya chunusi ambazo pengine zingeisha zenyewe.

Mabinti zangu, sogeeni karibu. Vitamini A kwa chunusi haikutungwa na wauzaji wa sokoni. Madaktari wenyewe waliijaribu kwa dozi kubwa tangu miaka ya 1940, wakaona kwamba dozi inayosaidia ngozi iko karibu mno na dozi inayodhuru. Baadaye ikapatikana dawa ndugu yake iitwayo isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982. Inatibu chunusi kali kweli kweli. Lakini kufikia mwaka 1985 madaktari walikuwa wamekwisha kuandika habari za watoto waliozaliwa na mama walioitumia: masikio hayakuumbika, uso una kasoro, moyo na ubongo vina kasoro. Ndiyo maana mwanamke hapaswi kuanzishiwa dawa hiyo bila kupimwa mimba na kupewa uzazi wa mpango. Na si dawa hiyo peke yake. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000. Kati ya wale waliomeza zaidi ya 10,000 za vitamini A kwa siku kutoka kwenye vidonge, watafiti walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya 57 alikuwa na kasoro iliyoletwa na vidonge hivyo. Hatari ilikuwa kubwa kwa waliotumia kabla ya wiki ya saba ya mimba. Wiki ya saba, mabinti zangu! Wengi wenu katika wiki hiyo bado mnahesabu siku na kujiambia zimechelewa tu. Hata maini ya ng'ombe, ambayo kwa mtu wa kawaida ni chakula kizuri, gramu 100 zake zina vitamini A inayokaribia mahitaji ya mwanamke kwa wiki nzima, ndiyo maana mjamzito hushauriwa asiyafanye mboga ya kila siku.

Anayejua kidogo atajibu kwamba yeye hanywi A, anakunywa B na C, na hizo zikizidi hukojolewa. Ni kweli kwa sehemu. Vitamini B6 ikizidi kwa miezi mingi huumiza mishipa ya fahamu: nyayo zinawaka moto, vidole vinakufa ganzi, mtu anatembea kama hajui mguu unakanyaga wapi. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, na vipo vidonge vinavyouzwa vyenye miligramu 50 au 100. Vitamini B12 kwa wingi imeonekana kuchochea chunusi, kwa hiyo yupo anayelipia chunusi zilezile anazotaka kuzifukuza. Biotini, ile ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, hasa vya moyo na tezi ya shingo. Daktari anasoma jibu ambalo si la mwili wako. Vitamini C kwa dozi kubwa inaweza kuleta mawe kwenye figo. Na wale wanaochomwa sindano au kutundikiwa dripu za vitamini C na glutathioni ili wang'are, wajue kwamba katika nchi za malaria kama yetu wapo watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtu huyo akiingiziwa vitamini C nyingi kwenye mshipa, chembe za damu zinaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi na akaishiwa damu. Wengi hawajui kama wanao upungufu huo hadi siku hiyo.

Kuna habari moja ya Tanzania yetu ambayo nataka mwielewe vizuri, kwa sababu mkoa wetu una sehemu yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Wazee tunakumbuka ulipoitwa Juliana, na tunakumbuka ngozi za watu: vipele vinavyowasha mwili mzima, mkanda wa jeshi, makovu meusi miguuni. Watu walitafuta kila kitu, na vitamini zilikuwamo. Basi mwaka 1995, Dar es Salaam, watafiti wa chuo cha Muhimbili na wa Harvard walianza kuwafuatilia wajawazito 1,078 wenye virusi. Waliopewa vidonge vya vitamini B, C na E kwa dozi kubwa ugonjwa wao ulikwenda polepole zaidi. Hilo ni jema, na wakati ule hapakuwa na ARV za kutosha. Lakini vitamini A, iliyopimwa katika utafiti huohuo, ilionekana kuongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Vitamini iliyotarajiwa kulinda ilifanya kinyume.

ARV zilipofika, watafiti wakauliza tena: je, anayeanza ARV akiongezewa dozi kubwa ya B, C na E atapona vizuri kuliko anayepewa dozi ya kawaida? Wakaandikisha watu 3,418 Dar es Salaam kuanzia mwaka 2006. Machi 2009 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba ini la waliopewa dozi kubwa lilikuwa linasumbuka zaidi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, dozi kubwa haikuwa imepunguza vifo wala kuchelewesha ugonjwa. Mnaona sasa? Hawa walikuwa wagonjwa kweli, wanapimwa damu, wana kamati inayowaangalia, na bado ilibidi wasimamishwe. Wewe unayemeza chumbani kwako Kaisho au Nyaishozi, nani anakupima ini?

Jambo lingine linaloniumiza ni kwamba mara nyingi ngozi yenyewe haikuhitaji vitamini hata kidogo. Mtu anawashwa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, usiku zaidi kuliko mchana, na mdogo wake anayelala naye anajikuna vilevile. Huo ni upele, wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Dawa yake ni ya kupaka, wote wa nyumba wapake siku moja, mashuka na nguo zifuliwe na kuanikwa juani. Hata ukimeza kopo zima la vitamini, wadudu wale watabaki palepale. Duara linalotanuka huku katikati pakipona ni mashilingi, linatakiwa dawa ya fangasi. Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba husikii kitu, hilo usichelewe nalo hata wiki: linaweza kuwa ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure. Nani atakuambia hayo kwenye meza ya sokoni?

Na yupo msichana anayepaka mkorogo. Mikorogo mingi ina steroidi. Usoni huleta vipele vidogo vyekundu, ngozi inakuwa nyembamba na inawaka juani. Mingine ina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Akiona vile vipele anakwenda kununua vitamini za chunusi, au anatoboa kapsuli ya vitamini E na kujipaka uso mzima, jambo ambalo kwa baadhi ya watu huleta mwasho mwingine mpya. Anatibu kwa fedha kile anachokinunua kwa fedha. Huyo dawa yake ya kwanza ni kuacha mkorogo, tena kwa msaada wa daktari, maana steroidi iliyozoeleka ikiachwa ghafla uso huchachamaa kwanza kabla ya kutulia.

Sipigi vita vitamini, msinielewe vibaya. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia aisoniazidi hupewa B6 kidogo ili mishipa yake isidhurike, na ni sawa. Mwenye pelagra, ambaye ngozi yake hugeuka nyeusi na kukakamaa shingoni na mikononi pale jua linapopiga, hutibiwa kwa vitamini B3, tena hupona upesi. Mama mjamzito hupewa madini ya chuma na asidi ya foliki kliniki. Zote hizo zina ugonjwa unaojulikana, dozi inayojulikana, na mtu anayewajibika.

Kwa mwenye afya, chakula kinatosha, na Mungu ametupa ardhi. Tatizo letu ni kushiba ndizi na maharage kisha tukasimama hapo. Ongezeni mchicha, mnavu, majani ya maboga, papai, parachichi, viazi lishe vya rangi ya machungwa, dagaa na yai. Vitamini A ya mboga na matunda haileti sumu, kwa sababu mwili huigeuza kwa kadiri unavyoihitaji. Mtu akila karoti au mapapai mengi sana viganja vyaweza kuwa vya njano, lakini weupe wa macho unabaki mweupe. Macho yenyewe yakiwa ya njano, hiyo si karoti, nenda hospitali siku hiyohiyo, na zaidi sana kama umekuwa ukimeza vidonge.

Kwa hiyo ngozi ikisumbua, anzeni zahanati au kituo cha afya. Ikishindikana, mtapewa barua ya kwenda hospitali ya Nyakahanga au Isingiro, na yasiyoeleweka huko yana njia yake hadi hospitali ya KCMC Moshi, ambako tangu miaka ya 1990 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu. Kwenye duka la dawa muhimu mwombeni mhudumu awasomee kiwango kilichoandikwa. Akishindwa kuwasomea, msinunue. Mkipatwa na madhara, semeni hospitalini. Ipo fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa nchini, ya kuripoti dawa iliyomdhuru mtu, na mhudumu wa afya anaijua. Mkinyamaza, muuzaji atasema hakuna aliyewahi kulalamika.

Na wewe binti uliye na mimba, au unayehisi huenda unayo, na kopo la vitamini za ngozi lipo chini ya kitanda: usimeze kingine leo. Usilitupe, na usione aibu. Kesho asubuhi lichukue hivyohivyo, uende nalo kliniki ya wajawazito, umpe muuguzi ayasome maandishi ya nyuma, na umwambie ulianza lini na unameza vingapi.